Honi ya Lori la Operesheni

Jioni ile Mwikwabe aliingia kwa Nikolaus, fundi redio wa Tarime mjini, akitaka kitu kimoja tu: spika ya kuwavuta watu.

Gramafoni alikuwa nayo, amplifaya na betri ya gari pia. Watu ndio hakuwa nao. Mwaka wa pili sasa tangu operesheni ya kuhamishia watu vijijini iwalete kijiji kipya kule Nyarero, nyumba zimepangwa mstari, na jirani hapiti kwake hata kuomba moto. Wangepitaje? Yeye ndiye aliyekaa juu ya lori na kipaza sauti akiwatangazia waondoke, huku nyuma yake nyumba zao zikichomwa. Sasa alijiambia muziki utawarudisha. Mtu akikosa utu hununua spika, ndiyo dunia.

Nikolaus akaweka mezani honi mbili, spika za mdomo wa tarumbeta. Moja mpya, mdomo mdogo. Nyingine kuukuu, mdomo mpana kama beseni, rangi imebabuka.

"Chukua mpya, mzee. Inaimba safi."

"Na hii?"

Nikolaus akashusha sauti. "Hiyo ilitoka kwenye lori la operesheni. Siku nyingine inaongea… na waya sijaunga."

Mwikwabe aliijua. Akaiinamia. Ilinuka nyasi zilizoungua. Lakini kiburi ni ugonjwa: alikumbuka jinsi watu walivyonyamaza ikinguruma, akaichukua hiyo hiyo.

Mkewe, Bhoke, alikataa hata kuishika.

"Baba Robi, irudishe."

"Spika haina dhambi," akajibu.

Kesho yake, jua likizama, aliifunga juu ya paa akaweka santuri. Rumba likamwagika mtaa mzima. Milango ikafunguka. Matiko, jirani ambaye hakuwahi kumsalimu tangu wahamie, akaja akasimama uani, akitikisa kichwa taratibu kufuata gitaa. Mwikwabe alitaka kulia kwa furaha.

Kisha gitaa likazama.

Krr… krr…

Ikatoka sauti yake mwenyewe, Mwikwabe. "Saa mbili kila mtu awe nje. Atakayebaki ndani, shauri yake."

Akainua sindano ya gramafoni. Sauti haikukoma. Akang'oa waya. Haikukoma. Na nyuma ya sauti hiyo, mbali…

Yowe.

Yowe la mama kikongwe.

Kwa Wakurya yowe halisubiri. Ukilisikia unaacha ugali, unashika rungu, unakimbia. Wanaume wakaja mbio. Wakazunguka nyumba, wakapekua zizi, hawakuona mtu. Mmoja mmoja wakainua macho juu ya paa.

"Mwikwabe, mwanangu… niko ndani. Miguu imekataa."

Wote wakamgeukia Mwikwabe.

Alikuwa amewaambia kwamba mama yake alihamia kwa ndugu, ng'ambo ya mpaka. Walimwamini, maana nani angemzulia mama yake uongo?

"Siku ile ulilisikia yowe lake?" Matiko akauliza polepole.

Mwikwabe akaanza kusema injini ya lori ilikuwa na kelele. Hakumaliza.

"Nililisikia," akanong'ona. "Nikaongeza sauti ya honi."

Matiko akaweka rungu begani, akaondoka. Wenzake wakamfuata. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma kuliko matusi yote. Asubuhi Bhoke akamchukua mtoto wao, Robi, akarudi kwao. Mwikwabe akaitupa honi nyuma ya zizi.

Wiki haikuisha. Alfajiri moja wezi wa ng'ombe wakavunja zizi lake. Mwikwabe akapiga yowe mpaka koo likakauka. Mstari mzima wa nyumba, hakuna mlango uliofunguka. Alimsikia Matiko akikohoa ndani. Akapiga tena.

Nyuma ya zizi…

Krr… krr…

"Nakuja, mwanangu."

Wezi waliacha kila kitu, wakatimua mbio. Kulipokucha ng'ombe walikuwepo wote, hajapungua hata ndama. Mwikwabe ndiye hakuwepo, na mpaka leo hajaonekana. Ukimuuliza Matiko atakwambia hakutoka, hakuona. Ila alisikia nyayo mlangoni kwake, zikielekea kule kwenye mahame yao, nyumba zilikochomwa: mmoja akitembea, mwingine akiburuzwa.