Chupa Iliyoandikwa Eliane

Chupa ya mwisho ilikuwa na ukungu. Viviane aliifuta kwa kitenge, lakini ukungu ulikuwa ndani, ukija na kuondoka, ukija na kuondoka.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Aloys, mtafiti kutoka Mbarara, alimwajiri amsaidie mashuani katika ziwa la Nakivale, kando ya kambi ya wakimbizi alikoishi. Walifunika beseni juu ya maji, wakanasa hewa iliyotoka ziwani na kuifunga kwenye chupa, ili ikapimwe kaboni. Ziwa nalo linapumua, Aloys alimweleza. Kila chupa iliandikwa jina la mahali, ila pale katikati, penye kina, ilikotoka chupa ya mwisho, hapakuwa na jina.

"Weka jina yoyote," Aloys alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Kwao Viviane, kule Uvira, ukimpenda mtu unampa mwanao jina lake. Ziwa lilimpa kazi, naye akalipa heshima hiyo kwa kuigeuza: akaandika Eliane, jina la bintiye wa pekee, akatabasamu, maskini.

Jioni aliporudi nyumbani alimkuta Eliane mlangoni akihema, mdomo unanuka tope. Muuguzi wa kambini alisikiliza kifua, akasema hakina neno. Siku ya tatu midomo ilikuwa ya bluu, na ndipo Viviane aliposikia pumzi ya mwanawe ikija na kuondoka kwa mwendo alioujua. Alimfunga mtoto mgongoni, akapanda gari lililopitia Kabingo hadi Mbarara, Aloys alikopeleka chupa.

Aloys alikuwa maabarani. Aliposimuliwa alicheka kidogo, kisha akaitoa chupa, akaacha kucheka, maana ukungu ulipotanda kiooni Eliane alikakamaa, na ulipofutika alivuta hewa, na kadiri walivyotazama ukungu ulikawia zaidi kuondoka, harufu ya tope ikajaa chumba kizima, na mtoto, macho yamefumbwa, akafungua kinywa na kusema kwa sauti nzito isiyo yake.

"Nilikuwa sina majina. Ni wewe ulinipatia. Lakini majina ni moja, na sisi tuko babili."

Aloys alinong'ona kwamba chupa ivunjwe, akaiinua. Viviane alimshika mkono. Kitu kilichopewa jina hakivunjwi, hilo alilijua tangu utotoni.

"Acha mutoto," alisema kwa sauti ya chini. "Kamata yangu."

Alikwangua karatasi ya jina kwenye chupa kwa ukucha hadi herufi ya mwisho ikatoka, akaandika Viviane.

Eliane alikohoa, rangi ikarudi midomoni. Aloys alikaa sakafuni akalia waziwazi, wala hakuona haya.

"Mama, nasikia njala," mtoto alisema. "Tuende nyumba."

Viviane alitaka kumkumbatia. Mikono haikumtii. Alisikia sauti yake mwenyewe ikijibu, tulivu, kabla hajausogeza ulimi.

"Tuende, mutoto yangu. Nionyeshe njia."

Eliane akamshika mkono, wakatoka.