Shujaa Aliyelala Porini

Sajenti Tabitha Nyamhanga hakuwa na gari, hakuwa na kompyuta mezani, wala hakuwa na mtu wa kumwuliza jioni siku yake ilikwendaje. Hakuwa na mume tangu Februari. Hakuwa na usingizi wa maana. Hamu ya chakula hakuwa nayo, wala ya kugombana, wala ya kupanda cheo. Machozi nayo hakuwa nayo. Alimzika kule Tarime macho makavu, wifi zake wakamtazama kama mwizi, na Jumatatu akarudi kazini. Na gemu la kompyuta alikuwa hajacheza hata moja maishani mwake.

Ndiye aliyekuwa zamu asubuhi ile Hamim alipoingia kituoni Mugumu akikimbia, kandambili mkononi.

"Afande, bosi wangu amekufa!"

"Bosi wako nani?"

"Vincent Wangwe. Wa chumba cha gemu, nyuma ya soko."

Tabitha alichukua kofia yake, wakaenda kwa miguu. Hamim alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mtoto wa Mwanamvua mshona nguo. Njia nzima alirudia neno moja: "Nimefungua tu, afande. Nimefungua tu."

Chumba kilikuwa na kompyuta tatu, benchi moja na dirisha lenye nondo. Vincent alilala kifudifudi kati ya benchi na ukuta, kisogo kimepasuka. Kando yake palikuwa na kigoda cha mti chenye damu iliyokauka. Kompyuta mbili zilikuwa zimezimwa. Ya tatu ilikuwa inawaka. Kwenye kioo chake mtu mwenye upanga alikuwa amelala chini ya mti, na mvua ya mle ndani ilikuwa inamnyeshea.

Tabitha alimtazama maiti, kisha akamtazama yule wa kwenye kioo. Hakusikia chochote moyoni kwa yeyote kati yao.

"Mlango uliukutaje?"

"Umefungwa kwa kufuli, kwa nje. Nikafungua na ufunguo wangu."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Wangu na wa Vincent."

Alipekua mifuko ya marehemu. Simu ilikuwepo, leso ilikuwepo. Ufunguo haukuwepo.

Mkuu wake, Inspekta Stanslaus, mtu wa Songea aliyehamishiwa Mugumu mwaka uliopita, hakuhitaji muda mrefu. Daktari alisema marehemu alikufa kati ya saa tatu na saa sita usiku. Watu wa sokoni walisema Hamim na Vincent walifokeana jana yake mchana. Mwenye ufunguo alikuwa Hamim. Kabla ya saa tano, Hamim alikuwa mahabusu.

"Kesho alfajiri anakwenda Musoma," Stanslaus alisema. "Barua ya kumtaka mwanasheria wa serikali aandae hati ya mashtaka ya mauaji nimeshaituma kwa simu."

"Mauaji hayana dhamana, afande. Akiingia kule, kutoka ni kazi."

"Ndiyo maana watu wanashauriwa wasiue."

Nje ya geti Mwanamvua alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, tepu ya kupimia nguo bado imening'inia shingoni. Hakulia. Alimtazama tu kila aliyetoka. Tabitha alipita mbele yake mara mbili, na mara ya tatu akarudi ndani.

"Afande, nipe mpaka jioni."

Stanslaus alimtazama kwa huruma, ile huruma ambayo watu walikuwa wakimpa tangu Februari. "Mpaka jioni," alisema.

Hamim aliletwa kwenye chumba cha mahojiano.

"Mligombania nini?"

"Gemu, afande. Linaitwa Milima ya Mazimwi. Tulikuwa tunacheza toleo la majaribio, la bure. Mwaka mzima. Unatengeneza shujaa wako, anapigana, anajenga, anaoa. Sasa wiki hii toleo kamili limetoka kwenye duka la mtandaoni, na kwa wiki ya kwanza limepunguzwa bei zaidi ya nusu. Jana ndiyo ilikuwa mwisho wa punguzo, saa sita usiku. Vincent akasema atanunua."

"Hiyo ni habari njema. Ugomvi uko wapi?"

"Ukinunua, linahamisha shujaa mmoja tu kutoka kwenye majaribio. Wengine wote wanafutika. Na sisi tulikuwa wanne kwenye kompyuta ile."

"Wanne kina nani?"

"Vincent mwenyewe. Mimi. Mzee Athuman mwenye nyumba. Na Emanueli wa Morotonga. Kila mtu alitaka wake ahamishwe. Mimi nilifoka, nakubali. Lakini saa tatu niliondoka, nikamwacha Vincent mzima anasubiri mtandao utulie. Kweli, Vincent hakunifanyia vizuri. Lakini kwa mtu wa kwenye kioo, afande, mimi niue?"

Kwenye kompyuta ile stakabadhi ya duka la mtandaoni ilionyesha kuwa gemu lilinunuliwa saa tatu na dakika hamsini. Vincent alikuwa hai wakati ule. Lakini Stanslaus aligundua jambo jingine, na lilimfurahisha.

"Shujaa mpya alianzishwa saa nne na nusu. Amechezwa mpaka karibu na saa nane usiku! Marehemu hakufika saa sita. Kwa hiyo aliyecheza ni aliyeua. Amekaa na maiti miguuni, anacheza. Huyo si mtu, Sajenti. Na nani alicheza kila siku? Hamim wako."

"Wanaolijua gemu ni watu watatu waliobaki," Tabitha alisema. "Ngoja niwaone wawili."

Mzee Athuman aliuza vyombo vya plastiki upande wa mbele wa nyumba ileile. Alikuwa na kofia ya kufuma na kiherehere cha mtu aliyeanza mchezo ukubwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikamata? Nifunge duka kwanza, wateja wangu ni wezi."

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Muulize mama mkwe wangu, nakaa naye. Ana miaka themanini, haoni vizuri, lakini kikohozi changu anakihesabu. Nilimwandalia chai yake, nikamfunika blanketi, nikalala."

"Shujaa wako amefutwa, umesikia?"

Athuman aliguna. "Wangu alikuwa maskini tu. Ana mbuzi wawili na upanga butu. Emanueli ndiye tajiri wa mle. Nyumba ya mawe, ng'ombe wamejaa zizi, mke mzuri. Vincent naye alikuwa na wiki mbili tu kwenye gemu lile, hakuwa na kitu."

"Emanueli alitaka wake ahamishwe?"

"Nani asingetaka?"

Tabitha alipanda bodaboda mpaka Morotonga. Alimkuta Emanueli uani akinoa jembe ambalo lilikuwa limeshakuwa kali. Alikuwa mtu wa miaka thelathini, mabega mapana. Nyumba nyuma yake ilikuwa kimya, jiko halina moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura," alisema, kama kijana anavyoitwa kwao Tarime. "Kwenu ni wapi?"

"Tarime, mama. Kazi ya mgodini ilinipeleka Nyakunguru, nikaoa hukohuko. Kazi ilipoisha tukahamia huku."

"Mke wako yuko wapi?"

"Neema amerudi kwao. Miezi minne sasa."

"Hukumfuata?"

"Nilimfuata mara mbili. Nilisimama barabarani." Aliendelea kunoa. "Mama mkwe alikuwa peke yake uani. Ningeingiaje? Nilingoja shemeji yangu yeyote apite anipeleke. Hakupita mtu. Nikarudi."

"Jana usiku?"

"Nilikuwa hapa. Nililala mapema."

"Nani alikuona?"

Emanueli alitazama lile jiko. "Hakuna wa kuniona, mama."

Tabitha aliondoka bila la kumshika nalo. Mtu kuwa peke yake si kosa. Yeye mwenyewe usiku ule alikuwa peke yake na hakuna aliyemwona.

Saa nane mchana alimtoa Hamim mahabusu kwa ruhusa, pingu mkononi na askari mlangoni, akamkalisha mbele ya ile kompyuta. Maiti ilikuwa imeshachukuliwa. Sakafu ilikuwa imeoshwa na bado ilikuwa na unyevu.

"Nionyeshe huyu mtu alifanya nini usiku ule."

"Kila shujaa akipumzika, gemu linahifadhi picha na saa," Hamim alisema. "Hii ya kwanza, kaanza. Hii, amefika kijiji cha kwanza. Pale lazima uozwe binti wa pale, ndiyo hadithi yenyewe. Hii, amepigana na fisi wa moto, ameumia. Halafu... huyu ni mjinga, afande."

"Kwa nini mjinga?"

"Tazama. Ameumia, damu inamtoka, dawa hana. Kitanda cha kuponea kiko pale kijijini, bure kabisa. Unalala, unaamka mzima. Yeye anapita mlangoni, anatoka nje ya kijiji, analala porini! Fisi wanamrudia, anakufa. Anaanza tena. Anapita mlangoni tena. Porini tena. Amekufa mara tatu namna hii. Mwisho ndiyo hii uliyoikuta, kalala kwenye mvua, nusu mfu."

"Labda hakukijua hicho kitanda."

"Kinawaka taa, afande! Mshale unakuelekeza. Hata Mzee Athuman anakijua, na yeye haoni bila miwani."

Tabitha alisogeza kiti karibu. "Hicho kitanda ni cha nani?"

"Cha yule mama. Mama wa binti unayeozwa. Mnakaa kwake."

Tabitha aligeuza kiti amtazame Hamim.

"Wewe ungelala pale?"

"Ningelala hata na viatu."

Tabitha alizaliwa Tarime. Kwao mwanamume aliyeoa hakai kiti alichokalia mama wa mke wake, hapiti karibu naye njiani, na chumbani kwake haingii hata nyumba ikiungua. Kulala kitandani kwake ni jambo ambalo hata matusi hayalifikii. Mume wake mwenyewe, siku mama mkwe alipolazwa, aliketi nje ya wodi kwenye jua mchana kutwa.

Alipomweleza Stanslaus, Inspekta alicheka mpaka akafuta macho.

"Sajenti, utamwita mama mkwe wa kwenye kompyuta awe shahidi mahakamani?"

"Hapana. Nataka watu watatu na saa moja tu."

Saa tisa na nusu wote walikuwa mle chumbani: Hamim na pingu zake, Athuman na miwani yake, Emanueli kando ya ukuta. Stanslaus alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Nataka kujifunza," Tabitha alisema. "Huyu shujaa ameumia, yuko kwenye lango la kijiji. Kila mmoja amponye. Baada ya kila mmoja, Hamim ataturudisha palepale."

Hamim alianza. Pingu zililia juu ya vitufe. Shujaa aliingia mlango wa kwanza, akajitupa kitandani, akaamka mzima.

Athuman alimpeleka polepole, akigonga kuta. "Hodi mama, mkweo nimerudi! Nisogezee mto." Shujaa akalala. Hata askari wa mlangoni alitabasamu.

Emanueli alikaa. Mikono yake ilikwenda haraka kuliko ya wenzake; alikuwa fundi wa jambo lile. Shujaa alifika mlangoni, taa ikawaka, mshale ukaonyesha ndani. Vidole vikasita. Shujaa akageuka, akatoka langoni, akavuka mto, akajilaza chini ya mti.

Kwenye kioo fisi walianza kulia.

"Emanueli," Tabitha alisema. "Kitanda kiko kule."

"Kule ni kwa mkwe," alijibu, bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Ni picha tu, mura."

"Najua ni picha."

"Aliyecheza usiku ule naye hakuingia. Alikufa mara tatu mlango uko wazi. Hamim hana mke. Mzee Athuman anamfunika mama mkwe wake blanketi kila usiku. Amebaki nani?"

Emanueli aliitazama mikono yake juu ya vitufe. Kisha aliingiza mmoja mfukoni, taratibu, akatoa ufunguo mdogo wa kufuli na kuuweka mezani. Stanslaus alikunjua mikono.

"Alinunua," Emanueli alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilikuja nikamkuta anataka kuhamisha wa kwake. Nikamwambia, Vincent, wako ana wiki mbili, wangu ana mwaka. Nyumba nimejenga mle. Mke yumo. Akacheka. Akasema, 'Wa kweli kakukimbia, huyu wa kwenye kioo naye utamlilia?' Akabonyeza. Wakapotea wote."

"Ukampiga."

"Kigoda kilikuwa karibu."

"Halafu?"

"Nikakaa."

"Ukakaa?" Stanslaus aliuliza.

"Wake alikuwa amehamishwa, nikamfuta naye. Nikaanza upya. Nilidhani nikifika pale kijijini labda nitamkuta mke wangu." Alikitazama kile kioo. "Nilimkuta. Hakunijua. Aliniuliza jina. Ikabidi nimwoe tena."

Athuman alivua miwani. Hamim alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ungeingia kulala, tusingekupata," Tabitha alisema.

"Nisingeweza, mama."

"Najua."

Alimfungua Hamim pingu na kumfunga nazo Emanueli. Chuma kilikuwa bado na joto la mkono wa mwenzake. Wakati wanatoka, Emanueli aliomba kompyuta izimwe. Alisema si vizuri kumwacha mtu kwenye mvua. Tabitha aliizima.

Getini Mwanamvua alimwona mwanawe anakuja bila askari. Alisimama, akamshika mabega, kifua, mikono, kama anayempima shati, na ndipo sauti ikamtoka. Tabitha alipita kando yao akaenda mezani kwake.

Aliandika kwa mkono, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na gari la jioni la Musoma halingojei. Kwa mwanasheria wa serikali: hati iliyoombwa asubuhi dhidi ya Hamim isiandaliwe, kijana ameachiwa leo bila shtaka. Mtuhumiwa ni Emanueli, mkazi wa Morotonga, amekiri mbele ya mashahidi wanne na ufunguo umepatikana kwake. Sababu ya mauaji aliiandika mara mbili. Mara ya kwanza aliandika "ugomvi wa mchezo wa kompyuta", akakata. Mara ya pili aliandika: "Alifutiwa nyumba." Stanslaus alisoma, akamtazama, akaweka sahihi bila kubadilisha.

Tabitha aliikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akapaka gundi ukingoni na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Akagonga mhuri juu ya mkunjo. Kule stendi, kondakta aliyepokea vifurushi alimwuliza kama ndani kuna kitu cha kuvunjika.

"Hakuna," alisema.

Kondakta aliitupia kwenye mfuko wa barua, akapiga bodi la gari kwa kofi, na gari likaondoka.