Kiti Kilichofungwa Mdomo

Kitendawili! Haya, tegeni masikio: hubeba wakubwa kila siku, lakini hana cheo, husikia siri zote, lakini hakuna anayemwuliza. Ni nani?

Mnakuna vichwa? Kijana mmoja kwenye foleni ya benki alikuwa na jibu mkononi. Alisoma kitabu huku akicheka peke yake, shati la buluu kalichomekea upande mmoja tu. Nyuma yake, katika gauni la manjano, alisimama Mtunzi, akikitambua kitabu chake mwenyewe.

“Kaka, foleni inasogea. Unacheka nini?”

“Kiti, dada! Kiti cha Waziri ndicho kinachosimulia. Waziri anahubiri kubana matumizi, kiti kinatutajia bei ya suruali yake!” Akafuta machozi. “Ila jambo moja linanisumbua. Watu wote wameondoka, ofisi tupu. Kiti kinamsimulia nani?”

Moyo wa Mtunzi ukaruka. Wasomi walikuwa wamekichambua kitabu kile hadi mifupa, lakini swali hilo hakuna aliyeliuliza.

“Kitabu hicho nimekiandika mimi. Jibu hilo nitampa mume wangu tu.”

“Unaye?”

“Sina.”

“Basi foleni hiyo naianza mimi.”

Kumbe kazi ya kijana yule ilikuwa kuhariri filamu, kukata na kuunganisha picha. Mtunzi akambandika jina Mkasi. Naye Mtunzi akaitwa Bi Kiti. Kila asubuhi simu: “Umeamka, Bi Kiti?” “Nimeamka, Mkasi wangu, usinikate maneno.” Kitabu kilipogeuzwa filamu na kazi ya kuihariri akapewa Mkasi, Mtunzi alijiona kapata mara mbili.

Hadi mchana ule alipotumiwa filamu kwenye simu. Aliitazama jikoni kwa shangazi yake. Waziri akakaa. Kimya. Waziri akahutubia. Kimya. Sauti ya kiti ilikuwa imefutwa yote.

“Umekiua,” akamwambia Mkasi. “Mtayarishaji wa filamu amekununua.”

“Mpenzi, nisikilize…”

“Kiti kile ndicho nilichozungumza nacho nilipokuwa sina mtu! Na wewe umekifunga mdomo.”

Akakata simu. Siku zikapita, hali, halali. Simu ikilia anaigeuza kifudifudi. Shangazi akachoka.

“Mwanangu, unakonda kwa ajili ya fenicha?”

“Si fenicha, shangazi. Ni mimi yule.”

“Basi vaa gauni lako ukamwone. Kama ni kumwacha, mwache uso kwa uso.”

Chumba cha kazi cha Mkasi kilikuwa na pazia jeusi, spika kubwa na kikombe cha chai iliyoganda. Mkasi mwenyewe ndevu zimemwota ovyo, macho mekundu.

“Tazama hapa mara moja tu,” akasema. “Ukiniambia tuachane, sitakubishia.”

Akawasha. Kwenye kioo kikubwa Mtunzi akaona ambacho simu ilimficha: picha zote zilitoka chini, usawa wa kiti. Vifungo vya koti. Mikono chini ya meza ikificha bahasha. Na kila Waziri alipodanganya, mbao zililia taratibu, kwiii.

“Kiti kikisema, watu walikitazama chenyewe wakamsahau Waziri,” Mkasi akaeleza. “Nilijaribu kila njia, ikashindikana. Ndipo nikamwazima mtazamaji macho ya kiti. Nilikosea kukutumia filamu bila kukueleza. Niliogopa utakataa kabla hujaona.”

Picha ya mwisho ilikuwa imeingia: ofisi tupu, taa imezimwa, na ng’ambo ya meza kiti cha wageni, peke yake. Picha ikakaa, ikakaa.

“Hii mtayarishaji aliniambia niikate,” Mkasi akanong’ona. “Mkono ulikataa. Sijui kwa nini.”

Akainamisha kichwa kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Mtunzi akafuta uso kwa kiganja, akakishika kidole cha Mkasi kilichokuwa juu ya kitufe.

“Uliniuliza kinamsimulia nani. Kile pale, Mkasi,” akasema. “Kilikuwa kinakisimulia kile pale, ambacho hakuna aliyewahi kuja kukikalia.”