Kilichopumua Ndani ya Usukani

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima Menengai Chepkemboi alipofika kwenye yadi ya magari yaliyogongwa, pembeni mwa mji wa Nakuru. Mvua ya mchana ilikuwa imeacha matope meusi yanayonuka mafuta. Alikuja kutafuta usukani tu.

Chepkemboi alikuwa mkunga wa zahanati ndogo huko juu Molo, na Toyota yake kuukuu ya kijivu ndiyo iliyokuwa ambulensi ya kijiji kizima. Mwezi uliopita ng'ombe alikurupuka barabarani, gari likaingia mtaroni, mfuko wa hewa ukamfungukia usoni. Alitoka na pua iliyovimba, basi. Lakini usukani ulibaki umepasuka katikati, na taa nyekundu ya hatari kwenye dashibodi ikakataa kuzimika.

"Usukani nitakupatia, sista," alisema Muiruri, fundi wake wa miaka mingi, wakipita katikati ya mabati yaliyokunjika. "Shida ni airbag. Hiyo kitu haifai kuwa ya mtumba. Huwezi jua imepitia nini. Agiza mpya."

"Mpya itafika lini?"

"Hiyo ni mambo ya meli. Miezi."

"Muiruri, wamama wangu hawawezi kungojea meli."

Muiruri akaendelea kutembea.

Walilipata gari kwenye kona ya mwisho. Toyota kama yake, ya bluu, uso wote umesukumwa ndani hadi kioo kimekuwa unga. Paa lilikuwa limelala juu ya kiti. Lakini usukani ulikuwa mzima, na kifuniko chake cha katikati hakikuwa na hata mkwaruzo.

Muiruri hakusogea karibu. "Ona vile hii gari iligonga. Halafu mfuko haukufunguka?" Akatikisa kichwa. "Jiulize ni kwa nini."

Chepkemboi alijiuliza. Kisha akawafikiria akina mama wa huko milimani, na usiku wa mvua, na simu zinazolia. Akapitisha mkono dirishani, akaugusa ule usukani.

Ulikuwa na joto.

Si joto la jua. Joto la kitu kilichoshikwa muda mrefu, kikaachiliwa sasa hivi.

"Mathe..." sauti ya kike ilimwita.

Mwanamke alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, shuka imemfunika hadi kwenye paji la uso, miguu mitupu ndani ya matope. Alinong'ona kana kwamba kuna mtu amelala humo ndani.

"Hiyo usitoe. Mwenyewe bado ameishika."

"Mwenyewe nani?"

Yule mwanamke alikitazama kile kiti kitupu kilichobanwa na paa, akakitazama kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa wake.

Mwenye yadi alipokuja na tochi, Chepkemboi alimuuliza habari za yule mwanamke.

"Huyo huwa anakuja," alisema yule mwanamume bila kugeuka. "Watu wa marehemu huja kuangalia magari. Hatuwafukuzi."

Kesho yake Muiruri alitenganisha waya za betri, akangoja umeme wote uishe, ndipo akaufunga ule usukani walioununua yadini, pamoja na kifuniko chake. Alipowasha gari, taa nyekundu ilimulika kidogo, ikazimika. Chepkemboi alipiga makofi. Muiruri hakutabasamu.

"Taa ni taa tu, sista. Haioni kilicho ndani."

Jioni hiyo, akipanda kwenda Molo, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye lami, alisikia sauti ya kwanza.

Hhhhhh...

Alizima redio. Akazima feni ya joto. Sauti ilikuwa pale pale, katikati ya usukani, chini ya kile kifuniko. Pumzi. Ilivutwa taratibu, ndefu, kama ya mtu anayejitayarisha kuinua mzigo. Akangoja itolewe.

Haikutolewa.

Baada ya kitambo ikavutwa nyingine. Na harufu ikaja nayo, harufu ya kinywa cha mtu aliyeshinda na njaa.

Alijiambia ni upepo kwenye waya. Ni uchovu. Mtu akiwa na shida hujifunza kuishi na mengi, na Chepkemboi alijifunza. Aliwabeba akina mama wawili hadi Nakuru wakafika salama, ingawa wote wawili walilalamika kwamba hewa ndani ya gari ni nzito. Alifungua madirisha. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa. Chini ya wimbo, kile kitu kiliendelea kuvuta... na kuvuta... na hakikutoa hata mara moja.

Kisha ikawa zamu ya Joan.

Joan alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa safarini na lori la viazi, kwa hiyo aliyempandisha garini ni mama mkwe wake, Jerop. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Zahanati haingeweza kumsaidia. Waliondoka wakati wa magharibi, ukungu ukiwa mzito hivi kwamba taa za gari ziligonga ukuta mweupe na kurudi.

Walipoanza kuteremka, usukani ulipata joto. Kisha ukawa moto. Viganja vya Chepkemboi vililowa jasho, na juu ya jasho lake akahisi uzito, uzito wa vidole vingine vimelala juu ya vyake, vikibana.

Hakuthubutu kutazama.

"Sista, haraka," Jerop alilia. "Anakuja!"

Aliegesha kando ya barabara, akaruka nyuma. Kwa mwanga wa simu aliyoshika Jerop, Chepkemboi alifanya kazi aliyoifanya maisha yake yote. Alimgeuza mtoto. Alimpokea. Msichana, mzima, mzito, amekamilika kila kidole. Alifungua mdomo. Kifua kikapanda kwa ile pumzi ya kwanza...

Hakikushuka.

Chepkemboi alimsafisha koo. Alimsugua mgongo. Aliweka mdomo wake juu ya ule mdomo mdogo, akapuliza, akapuliza tena, huku Jerop akiomba kwa Kikalenjin na Joan akiuliza, "Mbona halii? Sista, mbona halii?"

Ndipo, kutoka mbele, kwenye kiti kisicho na mtu, ikasikika.

Haaaaaah.

Pumzi ilitoka. Ndefu, ya raha, kama ya mtu aliyekuwa chini ya maji akaibuka. Kioo cha mbele kikapata ukungu kwa ndani, duara moja, mbele ya usukani.

Baada ya hapo pakawa kimya. Mtoto hakulia kamwe.

Siku ya tatu Muiruri alifungua kile kifuniko mbele ya Chepkemboi, nje ya gereji, mchana. Ndani hakukuwa na mfuko. Mkebe wa chuma unaojaza mfuko hewa ulikuwa umeshalipuka zamani. Mfuko ulikuwa umefunguka siku ile ile ya ajali ya lile gari la bluu, mtu akaukata kwa kisu, akabandika kifuniko kingine kwa gundi, na kutia kijiwaya cha kudanganya ile taa.

"Ulikuwa unaendesha bila kinga," Muiruri alisema kwa hasira. "Na mimi nilipoona mkebe nyuma, nikafikiri iko sawa. Hapa hakuna kitu, sista. Ni shimo tu."

Lakini lile shimo lilikuwa na unyevu. Muiruri alilipangusa kwa kitambaa. Wakitazama wote wawili, plastiki ikapata ukungu tena, taratibu, kama kioo kilichopuliziwa.

Waliuchoma usukani kwa petroli. Uliungua kama plastiki yoyote. Chepkemboi aliliacha gari pale pale gerejini, na huko milimani akina mama wakarudi kupanda pikipiki.

Jumapili alikwenda kumpa Joan pole. Alimkuta mekoni, kifua kimefungwa leso kuzuia maziwa. Jerop aliwapa chai, akatoka kwenda kukamua ng'ombe. Joan alingoja mlango ufungwe.

"Sista, yule mwanaume tulimpakia wapi?"

"Mwanaume gani?"

"Wa mbele, kando yako. Wa sauti ya upole." Joan alikuwa akitazama moto. "Mama anasema nilikuwa naota. Lakini alikuwa ananiomba. Njia yote, tangu tutoke hapa. 'Nigawie kidogo tu, nami nifike nyumbani.' Nilikuwa na uchungu mwingi, sikuelewa anataka nini. Nilitaka tu anyamaze."

Kuni zikapasuka. Chepkemboi akaweka kikombe chini.

"Ukamwambia nini, Joan?"

"Nikamwambia achukue."

Joan akainua uso, macho makavu.

"Sista, nilimpa nini?"