Mkunga Ndani ya Gari Namba Saba

"Niambie kwamba mama yako ana pacha."

"Hana pacha. Kwani vipi?"

"Basi yuko ndani ya gari langu!"

Kapteni alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko la hoteli ya mbugani, anajifanya anakagua tairi, kumbe simu kaibana kati ya sikio na bega. Tairi lenyewe halikuwa na tatizo. Moyo wake ndio uliokuwa unataka kupasuka.

Upande wa pili wa simu, Fundi alikohoa.

"Nilimlipia safari. Zawadi ya kustaafu. Nikaomba ofisini kwenu wampe gari namba saba."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekubali?"

"Ningekataa kata kata!"

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Fundi, wewe ni fundi umeme au fundi wa balaa?"

"Nisikilize, mpenzi. Leo Alhamisi. Jumamosi mama anataka twende kuposa kwa kina yule mwalimu aliyenichagulia. Kitambaa kashanunua, suti yangu kaipeleka dobi. Wewe hata picha yako alikataa kuiangalia. Nikasema potelea mbali, akuone kwa macho yake, ukiwa kazini."

"Akinigundua je?"

"Hakujui. Endesha tu kama unavyoendeshaga."

"Jioni nitakupigia. Ujiandae!"

Akakata, akajifuta vumbi magotini, akarudi kwenye gari na tabasamu la kazini. Miaka tisa alikuwa akiendesha wageni mbugani. Alishakimbizwa na tembo, alishakwama kwenye tope hadi madirishani, na wenzake wakampa cheo cha Kapteni bila jeshi. Lakini asubuhi ile alitafuta ufunguo wa gari mifukoni, kumbe anao mkononi.

Kiti cha mbele alikaa Mama Mkunga, mama mzazi wa Fundi. Miaka thelathini na minne alizalisha wake za watu, na saa yake ya kazini bado alikuwa ameibandika kifuani kana kwamba zamu haijaisha. Nyuma, chini ya paa la kufunguka, alisimama mdogo wake, Mama Mdogo, mwanamke wa vicheko na vitafunwa, ameshika darubini kinyumenyume.

"Dereva, simba tutawaona saa ngapi?" Mama Mkunga aliuliza kabla gari halijafika hata kona ya kwanza.

"Simba hawana ratiba, mama."

"Wodini kwangu hata watoto walikuwa na ratiba."

"Dada, mwache binti wa watu aendeshe," Mama Mdogo akasema kutoka juu. "Yesuu! Mamba! Mamba yule!"

"Gogo lile, mama," Kapteni akajibu kwa adabu.

Walicheka wote watatu, na kicheko hicho kikamlegeza Kapteni mabega. Mbuga nayo siku hiyo ilikuwa imeamua kujionyesha. Tembo kumi na wawili walivuka barabara mbele yao, mdogo kabisa ameshika mkia wa mama yake. Pundamilia walijaa bondeni hadi Mama Mdogo akaacha kuwahesabu. Kiboko mmoja alipiga mwayo, na Mama Mkunga, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekunja uso kama mkaguzi, akajikuta anapiga makofi.

"Lile domo! Mdogo wangu, umeliona lile domo?"

"Nimeliona, dada, na halikuwa linakusema wewe!"

Saa nane mchana, kwenye uwanda wa miti yenye miiba, Mama Mkunga akaushika mkono wa Kapteni ghafla.

"Simamisha gari! Yule twiga ana uchungu."

"Yule amesimama tu, mama. Twiga husimama hivyo."

"Binti, miaka thelathini na minne. Tazama mkia. Tazama anavyogeukageuka, hali, hatulii."

Kapteni akachukua darubini. Akatazama mara moja, akatazama mara ya pili. Chini ya mkia wa twiga yule zilikuwa zimechomoza kwato mbili ndogo.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mimi sijawahi kuliona hili miaka yote tisa."

"Zima injini. Na usiite magari mengine. Chumba cha uzazi hakijazwi watu."

Basi wakakaa. Muda si muda Mama Mkunga alikuwa ameshikilia dashibodi kwa mikono miwili.

"Sukuma, mama, sukuma! Mbona halali? Nani kamfundisha kuzaa wima? Jamani, mtoto ataanguka!"

"Ndivyo wanavyozaliwa, mama. Huanguka."

"Kutoka juu kule? Haiwezekani!"

Ikawezekana. Ndama alitoka kichwa chini, akaanguka puu kwenye nyasi, akalala kimya. Mama Mkunga hakufikiri. Mkono wake ulifungua mlango na mguu mmoja ukakanyaga ardhi, maana kwake mtoto asiyelia ni kazi, si tamasha.

"Ndani! Sasa hivi!"

Kapteni alimdaka kiunoni na kumvuta kwa nguvu zake zote. Mama mtu mzima akaangukia kiti, mlango ukabamizwa, mkoba wake mzito ukatupwa juu ya dashibodi. Hapo ndipo Kapteni alipoonyesha kwa kidole. Hatua kama ishirini hivi, kwenye nyasi zenye rangi ile ile, simba jike alikuwa amelala, masikio yamesimama.

Mama Mdogo akaporomoka kutoka juu hadi sakafuni.

"Piga honi!" Mama Mkunga alinong'ona. "Mfukuze!"

"Honi ni marufuku humu, mama. Na hatuwaingilii. Mwache mzazi mwenyewe."

Simba akainuka. Twiga akageuka, akasimama juu ya mwanawe, akarusha teke moja lililotikisa vumbi. Simba akasita. Likaja teke la pili, na safari hii simba akaona heri nusu shari kuliko shari kamili, akarudi nyuma taratibu, akajilaza mbali. Ndama akajaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena, miguu ikaenda kila mmoja upande wake. Mara ya tatu akasimama.

"Kasimama! Kasimama! Kasimama!"

Mama Mkunga alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akamkumbatia Kapteni hadi usukani ukamchoma mbavu.

"Mwanangu, umeniokoa. Mkono una nguvu kama wa mwanamume! Una mchumba?"

"Ninaye, mama."

"Ana bahati huyo. Kijana wangu mimi kanasa kwa binti mmoja anafanya kazi mbuga hii hii. Anafanya nini sijui, na sikutaka kusikia. Nimemkataa."

Kapteni alijifanya anafuta vumbi kwenye usukani.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ya baba wa mwanangu." Mama Mkunga alitazama nje, kwenye kile kitwiga kinachoyumba. "Alikuwa dereva wa malori ya mbali. Miaka kumi na tisa. Akiondoka ameondoka, hana barua wala salamu. Nimezalisha wake za watu waume zao wakisubiri koridoni, wangu watatu nimewazaa peke yangu. Nimezeekea dirishani, binti. Sitaki na mwanangu azeekee dirishani, anamsubiri mtu wa porini. Jumamosi tunaposa kwingine, na huyo atajijua mwenyewe."

Maneno yale yalimwingia Kapteni, tena yalimwingia vibaya, kwa sababu hayakuwa ya chuki. Chuki angeijibu. Akavuta pumzi, akasema moyoni, liwalo na liwe.

"Mama, kuna jambo nataka nikua..."

"Ngoja nijifute machozi kwanza," Mama Mkunga akasema, akanyanyua mkoba wake atoe leso.

Chini ya mkoba kilikuwepo kipaza sauti cha simu ya upepo, ile ambayo madereva huitumia kuambizana tembo wako wapi. Kitufe chake kikibanwa, kila gari mbugani linasikia, na hakuna awezaye kujibu mpaka kiachiwe. Tangu mlango ubamizwe, mkoba ulikuwa umekibana. Sasa kikaachiwa.

Sauti ikalipuka kutoka kwenye spika. Ilikuwa ya dereva mwenzao waliyembatiza jina la Breki, maana mdomo wake ndio hauna.

"Gari saba, gari saba! Tumewasikia tangu 'mfukuze'! Hongereni kwa mtoto! Ila mama, shikamoo, na samahani sana. Huyo mkwe uliyemkataa, kisa chake madereva wote tunakijua, ndiye anayekuendesha!"

Hata twiga alionekana kama anasikiliza.

"Breki, nitakuua," Kapteni alinong'ona.

Mama Mkunga akageuka polepole.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Mmenichezea shere! Wewe na mwanangu, mmekaa mkapanga!"

"Mimi nimejua leo asubuhi, mama. Nilikutambua kwa picha aliyonionyesha, nikakimbilia nyuma ya jiko kumpigia simu. Lakini tangu asubuhi nilikuwa na nafasi ya kukuambia, sikukuambia. Niliogopa. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu."

"Nishushe."

"Haturuhusiwi kushuka, mama."

"Nimesema nishushe!"

"Dada," Mama Mdogo akasema kutoka sakafuni, "simba yupo palepale."

Mama Mkunga akafunga mkanda. Kapteni akawasha injini. Saa nzima kilichosikika ni Mama Mdogo akitafuna karanga kwa siri, karanga zenyewe zikipiga kelele kuliko redio. Nyati walipita, hakuna aliyepiga makofi. Kapteni aliendesha macho yakimwasha. Jumamosi aliiona hiyo inakuja, na suti ya Fundi imetoka dobi.

Walipofika juu ya kilima cha mawe, gari likasimama. Mguu wake ulikanyaga breki kwa mazoea, kabla akili haijauambia.

"Umesimamia nini hapa?" Mama Mkunga aliuliza bila kumtazama.

"Samahani, mama. Mazoea. Upande huu wote, mtandao unapatikana hapa tu. Huwa nasimama napiga simu."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

Mama Mkunga akainua saa yake ya kifuani, akaisoma. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu kasoro dakika moja.

"Dada," Mama Mdogo alisema taratibu, "si ndiyo saa ile..."

"Nimesikia."

Alikuwa anaifahamu saa ile. Miaka miwili sasa, ikifika saa kumi na moja na nusu mwanawe huacha kila kitu, huenda kusimama uani kando ya tangi la maji. Aliacha mchuzi ukapoa. Siku moja aliacha nyumba ya jirani nusu ina umeme, nusu ina giza. Mama yake alidhani ni wateja.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku, mama."

"Na ile siku ya mvua kubwa? Alitoka na ndoo kichwani, nikasema mwanangu kachanganyikiwa."

"Siku ile nilikwama kwenye tope tangu mchana. Breki alinivuta. Nikamwambia anilete hapa kwanza, ndipo twende getini."

Mama Mkunga alikifuta kioo cha saa yake kwa kidole.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Baba yake, hata mara moja." Kisha akajifuta uso kwa kiganja. "Piga. Weka sauti ya nje."

Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

"Kapteni wangu! Vipi? Mama kakugundua? Kakutafuna?"

"Sijamtafuna," Mama Mkunga akajibu. "Nimeshiba karanga za mama yako mdogo."

"Mama! Shikamoo mama!"

"Shikamoo yako iweke hapo. Gari hili nani kalipanga?"

"...Mimi, mama."

"Utanijibu nyumbani. Jumamosi suti utavaa, ila kwa mwalimu wa watu hatuendi. Nitampigia mama yake mwenyewe nimwombe radhi."

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Muulize huyu, kwao ni wapi. Mimi niliyekataa kusikia nitajulia wapi?"

Fundi alipiga kelele hadi simu ikakwaruza. Mama Mdogo akapiga vigelegele vilivyorusha ndege kutoka mtini. Kapteni akalala juu ya usukani, analia kama aliyefiwa, na hakuona aibu hata kidogo.

"Nyamaza, mwanangu," Mama Mkunga akamwambia, akimpigapiga mgongoni. "Na siku yako ikifika, utazaa umelala. Sitaki mambo ya yule twiga."

Kisha akakinyakua kipaza sauti.

"Kidude hiki kinabonyezwa wapi? Hapa? Haya. Magari yote, mnanisikia? Hapa ni mama mkwe wa gari namba saba. Maneno yangu ya mchana nimeyafuta. Na wewe Breki, harusini utakaa meza ya mbele, ila hatukupi kipaza sauti!"

Akakiachia. Spika ikajaa vicheko. Honi ni marufuku mbugani, kwa hiyo hakuna aliyepiga. Lakini chini uwandani, gari moja likawasha taa na kuzima. Likafuata la pili, halafu la tatu karibu na mto, hadi bonde zima likawa linakonyeza.

Mama Mkunga alitazama mpaka taa ya mwisho. Akaiokota simu kwenye dashibodi, akaikata, akamrudishia Kapteni mkononi.

"Twende, geti litafungwa. Ila kesho, saa kumi na moja na nusu, uanze na mimi kwanza. Nami nataka kupigiwa."