Mkasi wa Mama na Maziwa ya Mnyaa

Kila siku baada ya shule, Maswali alipitia chumba cha kushonea cha mama yake. Alifagia vipande vya nguo, akatunga uzi kwenye sindano tano, kisha akazichoma kwenye kimto chake. Jina lake hasa lilikuwa la bibi yake, lakini tangu alipojua kusema alikuwa akiuliza hiki na kile, na mtaa mzima ukambandika hilo la Maswali.

Mama alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Mkasi mkubwa wa nguo haukati kitu kingine: si karatasi, si kamba, si kucha. "Ukipoteza makali unaharibu nguo za watu," alisema, "na lawama ni zangu."

Wiki hiyo mwalimu wa sayansi alikuwa akifundisha jinsi mimea inavyoishi mahali pakavu. Alimtaka kila mwanafunzi alete mfano kesho yake. "Atakayeleta mnyaa akatiwe na mtu mzima," alionya. "Maziwa yake ni sumu."

Nyuma ya chumba cha Mama kulikuwa na uzio wa minyaa, vijiti vya kijani vilivyosimama bila majani. Mbuzi wa jirani, ambaye aliwahi kutafuna shati la mteja likiwa kambani, alipita hapo kila siku bila kuugusa. Hata kiangazi hicho, nyasi zilipokwisha zote, alizidi kukonda mbele ya kijani kile. Maswali alikuwa ameliona hilo mara nyingi na, kwa ajabu, hakuwahi kuuliza kwa nini.

Mama alikuwa nje akimpima mteja. Maswali akajiambia kwamba tawi moja tu si kitu. Alichukua mkasi, akazunguka nyuma, akakata.

Maziwa yalichuruzika, meupe na mazito, yakajaa kwenye makali ya mkasi. Yalikuwa mengi kuliko alivyotarajia. Alirudi ndani mbio, akanyakua kitambaa kilichoning'inia kwenye kiti, akaufuta mkasi haraka haraka na kukirudisha kitambaa. Tawi akalificha chini ya meza. Vidole vyake vilianza kuwasha, akavisugua kwa sketi.

Mama aliingia akishika kiuno. Alikuwa na sare sita za kumaliza, na chumba kilikuwa na joto kali. Aliushika mkasi, akasita.

"Mbona unanata? Umeugusa mkasi wangu?"

"Hapana, Mama."

Mama alimtazama kidogo, kisha akaendelea na kazi. Cherehani ilianza kuunguruma. Jasho lilimtiririka usoni. Bila kuinua macho kutoka kwenye mshono, alinyoosha mkono nyuma yake, kwenye kiti.

Hapo ndipo Maswali alipokitambua. Kitambaa kile hakikuwa kipande cha kutupwa. Kilikuwa kitambaa cha Mama cha kufutia jasho, kile kile anachokishika mara ishirini kwa siku. Alifungua mdomo, lakini angesema nini bila kujiumbua? Mama akafuta paji la uso. Akafuta macho.

Cherehani ilinyamaza.

"Jamani, macho yangu!" Mama alisimama, kiti kikaanguka. "Yanawaka! Sioni!"

Fundi viatu wa chumba cha pili alikuja mbio na sindano yake mkononi. "Pole, dada. Hilo ni jasho tu na vumbi la vitambaa. Nina dawa yangu ya macho, nikutilie matone mawili, kisha ulale kidogo."

Alifungua kichupa. Mama aliinua uso, machozi yakimtoka, mikono ikipapasa meza. Mikono ile ndiyo iliyowalisha wote nyumbani, na bila macho isingekuwa na kazi. Maswali akaudaka mkono wa fundi.

"Usimtilie, fundi!" alipiga kelele. "Ni maziwa ya mnyaa! Nilikata kwa mkasi, nikafutia kitambaa chake. Nilidanganya!"

Fundi viatu alikitupa kichupa. "Maji! Lete ndoo, upesi!"

Walimwosha Mama macho kwa maji safi kopo baada ya kopo, naye akilia kwa maumivu, kisha wakamkimbiza zahanati. Daktari alimwosha tena kwa muda mrefu.

"Nani aliyesema ni mnyaa?" aliuliza. Maswali aliinua mkono. "Umefanya la maana. Mngempa dawa nyingine na kumlaza, tungekuwa tunaongea mengine."

Mama alikaa siku nne bila kuona sawasawa. Maswali alimshika mkono kwenda kila mahali, na usiku hakupata usingizi kwa hofu. Siku ya tano, Mama alikaa mlangoni penye mwanga, akaomba sindano na uzi. Alikosa mara ya kwanza. Alikosa ya pili. Ya tatu uzi ukapita, na Maswali akaangua kilio.

Mama alimvuta karibu. "Mnyaa hauwezi kumkimbia mbuzi, wala kumwambia niache. Ndiyo maana ukawa na maziwa yale. Mimi sina ugomvi na mnyaa, mwanangu. Lakini wewe una mdomo, na nilipokuuliza, ulijua. Siku nyingine nikikuuliza, niambie, hata kama nitakasirika. Hasira zangu zitaisha."

"Nitakuambia, Mama."

"Haya. Sasa chukua mkasi ukauoshe, na uvae glavu."