Honi Kwenye Kona

Msinicheke. Rafiki yangu Suhail hajaigusa pikapu yake tangu Ijumaa. Alikuwa peke yake, akipeleka karafuu Wete kwa njia ya vilimani, mvua imetia kiza mchana. Kwenye kona nyembamba, bonde li chini yake, akapiga honi. Akajibiwa. Pale ukijibiwa husogei, unampisha mwenzio. Akangoja, hakutokea mtu. Akapiga tena, akajibiwa karibu zaidi. Akatia rivasi, na nyuma nako ikalia honi.

"Wallahi," aliniambia, "mbele siendi, nyuma sirudi."

Akazima gari asikilize. Mvua ikakatika. Ndipo kutoka nyuma, juu ya magunia, kiganja kikagonga paa mara mbili, kama utingo anavyomwambia dereva: twende.